Kabla ya sanamu kuwekwa ukumbini, jengo ndilo linapimwa kwanza

Picha ukishaitundika ukutani, kazi kubwa imekwisha. Sanamu ni habari nyingine: ina mbele, nyuma na ubavuni, ina uzito, na watu wanataka kuizunguka. Ndiyo maana mpangaji wa maonyesho huanza na jengo.

Mlango na sakafu

Itapita mlangoni? Sakafu itaihimili? Mwaka 2007 jumba la MoMA, New York, liliweka vyuma vizito vya Richard Serra ghorofa ya pili. Iliwezekana kwa sababu sakafu hiyo ilijengwa makusudi kubeba mzigo wa aina hiyo.

Nafasi na mwanga

Sanamu kubwa ikibanwa kwenye chumba kidogo, unaona vipande tu. Ndogo ikiachwa peke yake kwenye ukumbi mkubwa, inamezwa. Mwaka 2000, buibui wa Louise Bourgeois mwenye urefu wa zaidi ya mita 9 aliwekwa Tate Modern, London, kwenye ukumbi uliokuwa wa mitambo ya umeme. Dari lake liko mita 35 juu, kwa hiyo watu waliweza kumtazama hata wakiwa chini ya miguu yake.

Mwanga nao una kazi yake. Taa ya ubavuni huonyesha mikunjo na alama za patasi. Ya mbele moja kwa moja huifanya sanamu ionekane bapa.

Mashubaka yaliyokaa tupu miaka 117

Wakati mwingine mahali penyewe ndipo panapotoa ujumbe. Ukuta wa mbele wa jumba la Metropolitan, New York, ulikamilika 1902 ukiwa na mashubaka ya kuwekea sanamu, lakini hayakuwahi kujazwa. Mwaka 2019 alipewa kazi hiyo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi.

Alitengeneza wanawake wanne wa shaba, wameketi. Katika majengo ya kale ya Ulaya, sanamu za wanawake mara nyingi hubebeshwa paa kichwani. Hawa wa Mutu hawabebi chochote. Visahani vinavyong'aa kwenye vichwa vyao vilirudisha mwanga wa jua hadi barabarani.

Sanamu hizo hizo zingewekwa chumba cha ndani, zingekuwa nzuri tu. Pale nje, zilimpokea kila aliyekuja, hata asiye na tiketi.

Kwa hiyo siku ukiingia kwenye maonyesho, usiishie mbele ya sanamu. Izunguke, kisha jiulize: kwa nini imewekwa hapa?