Moto na Nyumba za Makuti

Leo, mama, na wewe unayelea watoto, tuzungumze juu ya moto.

Hapa Muyeye bado tunaezeka makuti. Hata mwenye nyumba ya mabati, mara nyingi jiko lake la nje ni la makuti. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, makuti hukauka na upepo huvuma. Cheche moja ikitua juu ya paa, moto huruka nyumba hadi nyumba.

Nyumba ikiungua, wengine husema, "Ni majaliwa." Wengine husema, "Mimi sichomi taka, hayanihusu." Mama, majaliwa ni ya Mungu, lakini jivu la moto humwagwa na mkono wa mtu. Na cheche ya jirani haibishi hodi. Kwa hivyo usalama wako unategemea jirani, na wake unakutegemea wewe.

Tufanye nini?

1. Ukifagia uwanja, usichome majani karibu na nyumba wala wakati wa upepo. Afadhali uyafukie shimoni yawe mbolea.
2. Jivu limwagie maji kabla ya kulitupa.
3. Usiache jiko, koroboi au dawa ya mbu ya kuchoma ikiwaka ukiwa umelala au umetoka.
4. Kiberiti na mafuta ya taa viwe mbali na watoto. Usifungie watoto ndani ukienda sokoni, mwachie jirani.
5. Weka ndoo ya mchanga na mtungi wa maji karibu na jiko.
6. Kubalianeni na majirani nani atapiga kelele, nani atatoa watoto na wazee.

Moto ukishika paa, toa watu kwanza. Usirudi kuchukua vyombo. Piga simu 999 au 112.

Mtoto akiungua, mwagie maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute. Funika kidonda kwa leso safi, kisha mpeleke kituo cha afya mara moja.

Jioni ya leo, kabla hujalala, pita kwa jirani mzungumze. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.