"Credit": Neno Moja, Maana Tatu Kwenye Simu Yako

"Boss, nitumie kredo ya mbao." Kila Mkenya anaelewa hapo: ni muda wa maongezi wa shilingi 20. Lakini neno hilo hilo la Kiingereza, "credit", likiingia kwenye ujumbe wa pesa, maana yake inabadilika. Ukilikosea, unaweza kupoteza pesa.

Lilitoka wapi?

Asili yake ni Kilatini, credere, yaani kuamini. Wakristo wanaosali kwa Kilatini huanza Kanuni ya Imani na "Credo", nasadiki. Hapo ndipo likatoka creditum, kitu ulichokabidhiwa kwa sababu umeaminiwa, yaani mkopo. Waingereza walilipata kupitia Kifaransa katika karne ya 16.

Maana utakazokutana nazo

Kredo: Umelipia mapema, ukaamini kwamba utapewa huduma ukiihitaji.

Mkopo: Hapa mkopeshaji ndiye anayekuamini wewe. Usipolipa, jina lako linaweza kupelekwa CRB, na mkopo unaofuata ukawa mgumu kupata. Kukopa harusi, kulipa matanga. Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bila malipo mara moja kwa mwaka.

"Credited": Hili ndilo huwachanganya wengi. Si deni lako. Maana yake ni pesa imeingia kwenye akaunti. Kwenye vitabu vya hesabu, anayekutunzia pesa ndiye unayemdai, kwa sababu umemwamini nayo. Kinyume chake ni "debited": pesa imetoka.

Matapeli wanapoingilia

Unapata ujumbe kwamba akaunti yako imekuwa "credited" na shilingi 3,500. Kabla hujakaa sawa, simu inalia: "Mama, samahani, nimekosea namba. Hiyo ni pesa ya hospitali, nirudishie tafadhali." Una huruma, unatuma. Kumbe ujumbe ulikuwa feki, hakuna kitu kilichoingia. Umetuma pesa yako mwenyewe.

Kwa hivyo, fanya hivi:

1. Usitegemee ujumbe peke yake. Fungua menyu, uangalie salio lako kwanza.

2. Hata kama pesa imeingia kweli, usimtumie aliyekupigia. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja aombe muamala urudishwe. Aliyekosea namba kwa kweli hatakataa.

3. Usiharakishwe. Tapeli hutaka utume kabla hujafikiria.

4. PIN ni yako pekee. Hata mtu akisema anapiga kutoka kwetu, usimpe.

Neno hili lilizaliwa kutokana na kuamini, na imani yako ndiyo tapeli anawinda. Ukiona "credited", amini salio lako, si ujumbe. Na kama nyumbani kuna mzazi ambaye Kiingereza cha ujumbe humsumbua, mweleze leo kabla hajapigiwa simu.