Dawa Mbili katika Chombo Kimoja: Juu ya Chembe za Kutibu Saratani ya Matiti

Saratani ya matiti aghalabu haitibiwi kwa dawa moja. Daktari huchanganya mbili au zaidi, kwa kuwa seli iliyoishinda moja yaweza kuuawa na nyingine. Lakini dawa hizo zikiisha kutiwa mshipani hazisafiri pamoja. Moja hutolewa upesi, nyingine hukawia mwilini, na kipimo cha hii kwa ile kilichoangaliwa sana hospitalini huharibika kabla ya kufika uvimbeni.

Ndipo wataalamu walipotafuta chombo cha kuzipakia zote mbili. Chombo hicho ni chembe, pengine ya mafuta, pengine ya protini, ambayo upana wake kwa kawaida hauzidi nanomita 200. Na nanomita bilioni moja ndizo mita moja. Marekani iliruhusu doksorubisini katika kifuko cha mafuta mwaka 1995, kwa maradhi mengine. Na mwaka 2005 paklitakseli iliyofungwa katika albumini, kwa saratani ya matiti hasa. Hizo zilikuwa dawa moja moja. Jozi ilifaulu katika saratani ya damu, mwaka 2017: sitarabini na daunorubisini katika kifuko kimoja, molekuli tano kwa moja. Kwa matiti, jozi za namna hiyo zingali katika majaribio.

Hapa lugha yaingia. Imezoeleka kusemwa kwamba chembe hizi “hulenga” saratani, kana kwamba zina macho. Zilizotajwa hapa hazilengi. Zachukuliwa na damu tu. Mishipa ya uvimbe huwa na nyufa, nazo chembe hupenya humo zikakawia, kama walivyoeleza Matsumura na Maeda wa Japani mwaka 1986. Tena wafikao ni wachache mno: uchunguzi uliokusanya majaribio mengi ya wanyama, uliotangazwa mwaka 2016, ulipata kadiri ya kati ya asilimia 0.7 ya dozi. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Mwanamke aliyeambiwa kwamba dawa yake hulenga, nywele zikimtoka, atadhani amedanganywa. Wala hatakosea sana.

Kwa maoni yangu afadhali tuseme dawa “zimepakiwa pamoja”. Neno “chembe” nalo lataka hadhari, maana wengine huliita seli jina hilo hilo, na sentensi isemayo kwamba chembe yaingia katika chembe haimwelezi mtu lolote. Penye mafuta, “kifuko” chatosha.