Gari Linapokunywa Maji Kama Ng'ombe

KUNA magari hapa pwani yanayokunywa maji kuliko ng'ombe wa Ganze wakati wa kiangazi. Mwenyewe utamwona alfajiri, boneti imeinuliwa, galoni mkononi. Lita moja leo, lita nyingine keshokutwa. Chini ya gari hapana tone, injini haichemki, basi hujiambia kwamba gari limezeeka na ndivyo lilivyo. Mwaka hupita hivyo. Halafu siku moja, kati ya Matsangoni na Tezo, mvuke hutanda mbele ya kioo, na chombo kilichokuwa kikilisha watu sita huvutwa kwa kamba hadi gereji.

Twalileta jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu pikapu au matatu kuukuu mara nyingi ndiyo shamba la nyumba. Ndiyo ipelekayo maembe na nazi sokoni, na ndiyo imkimbizayo mama mjamzito hospitalini saa nane za usiku. Na ukweli, msomaji, ni kwamba injini haili maji. Hayachomwi kama petroli. Gari zima laweza kukaa miezi bila kuongezwa hata kikombe. Yakipungua yamekwenda mahali, na mahali hapo ndipo patakapoamua kama utalipa bei ya mpira au bei ya injini.

Kwa nini basi tone halionekani? Injini ikiwa moto, maji huwa chini ya shinikizo. Mfuniko wa rejeta umeandikwa nambari, aghalabu 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo nguvu unayoizuia kabla ya kuachia. Kwa mfuniko wa 0.9, maji ambayo yangechemka kwa nyuzi 100 hapa Malindi hungoja hadi karibu nyuzi 118. Ufa mwembamba kama unywele hutema maji wakati huo tu, nayo huangukia chuma cha moto yakawa mvuke kabla hayajafika chini. Ukizima, shinikizo hushuka na ufa hunyamaza. Upo na uvujaji wa kinyume: klempu iliyolegea haivuji mpira ukiwa moto na umetanuka, ila hudondosha alfajiri kila kitu kinapopoa na kunywea. Ndiyo maana kuinama na kutazama mara moja, saa sita za mchana, hakumwonyeshi mtu chochote.

Boksi chini ya gari

Anza jioni. Tandaza boksi kuukuu chini ya injini, andika mbele ni wapi, uliache gari lilale. Asubuhi, kabla hujawasha, litazame boksi. Maji ya eya kondisheni ni safi, hayana harufu wala utelezi. Hayo si hoja. Yenye rangi au utelezi ndiyo tunayoyatafuta.

Kisha chukua tochi. Maji yakikauka huacha ukoko: wa kijani ikiwa gari lina kulanti, mweupe kama chumvi au wa kutu ikiwa ni maji matupu. Ukoko huo ndio nyayo za mwizi, nawe zifuate kwenda juu, maana maji huteremka. Bonyeza mipira kwa vidole. Uliooza hulia na kupasuka vijufa karibu na klempu. Chini ya pampu ya maji pana kijitundu ambacho wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani. La, kiliwekwa makusudi ili kitoe taarifa: kikianza kulia machozi, sili ya ndani imekwisha. Usithubutu kukiziba. Tazama pia maungio ya rejeta na yale mabati madogo ya mviringo yaliyogongewa ubavuni mwa injini, ambayo kutu huyala kutoka ndani.

Hita ndiyo inayosahaulika kabisa, maana nani atataka joto zaidi mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma? Lakini mipira yake imo, nayo huoza kimya kimya. Zulia likiwa na unyevu upande wa abiria, kukiwa na harufu tamu na kioo kikiingia ukungu, umempata. Mafundi wengi huiruka hita kwa kuunganisha mipira yake miwili. Wengine watalaumu, lakini kwa gari lisilotoka pwani sioni ubaya.

Usipopata kitu, tafuta fundi mwenye pampu ndogo ya mkono yenye geji. Hufungwa mahali pa mfuniko injini ikiwa baridi, ikajazwa upepo hadi nambari ya mfuniko, ikaachwa robo saa. Mshale ukishuka, kuna tundu, na sasa waweza kulitafuta bila kuungua. Afadhali kulipia kipimo hicho kuliko kubadilishiwa vitu kimoja kimoja kwa kubahatisha. Mfuniko wenyewe nao hupimwa kwa pampu hiyo hiyo. Uliolegea hukuchezea hapa ufuoni na kukuaibisha katika safari ya Nairobi, kwani kule juu, mita zaidi ya 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwa nyuzi 95 hivi.

Mshale ukishuka na nje pakavu kabisa, jitayarishe. Fungua mfuniko injini ikiwa baridi, washa, utazame: mapovu yasiyokoma ni hewa ya silinda inayopenya gasketi ya hedi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni ushahidi wa mwisho. Hapo simamisha gari. Hedi za aluminiamu, kama za Peugeot 504 zilizojaa barabara zetu zamani, hupinda upesi zikichemka. Hedi ifunguliwe, isawazishwe kwa mashine, na boliti zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Anayekaza kwa kukisia atakufungulia tena.

Kwa bahati, kesi nyingi haziishii huko. Mpira uliopasuka nchani, ukiwa na urefu wa kutosha, hukatwa na kurudishwa. La sivyo nunua mpya pamoja na klempu. Rejeta za zamani za shaba hulehemiwa zikadumu miaka. Hizi za siku hizi, za aluminiamu na pembe za plastiki, plastiki ikipasuka gundi hukufikisha nyumbani tu. Kuhusu yai, manjano na pilipili manga ndani ya rejeta: huziba kweli, ila huziba na vile vijinjia vyembamba vya kupozea. Ukikwama Bamba usiku wa manane, sawa. Ukiwa mjini, hapana.

Birika la nyumbani

Sasa swali la maji gani. Visima vyetu vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chokaa, na karibu na ufuo yana chumvi. Chungulia ndani ya birika la chai uone ule ukoko mweupe. Ndio huo huo unaojijenga ndani ya injini, na chumvi nayo hula aluminiamu. Kila galoni ya kisima unayoongeza huzaa tundu la kesho. Tumia maji ya betri au ya mvua yaliyo safi, uchanganye na kulanti nusu kwa nusu au kama chupa isemavyo. Wasemao kulanti ni ya nchi za barafu hawajui kazi yake nyingine: huzuia kutu na huchelewesha kuchemka.

Lakini ni sumu, na ni tamu ulimini. Mtoto, paka au mbuzi akiilamba yaweza kumuua. Isiwekwe katika chupa ya soda, wala iliyomwagwa isiachwe uani.

Na huko barabarani? Enzi za feri ya Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, foleni ilimpa dereva wasaa wa kuinua boneti. Sasa ni kama kilomita 120 za Malindi hadi Mombasa bila kituo cha lazima. Mshale ukipanda, egesha na uzime. Ukipanda kisha ukaanguka ghafla usishangilie, huenda maji yamekwisha na kifaa cha kupimia kimebaki hewani. Mfuniko usiguswe mpaka mpira wa juu ubonyeke kwa mkono bila kuunguza, na maji baridi yasimiminwe katika injini ya moto, maana hedi hupasuka.

Baada ya matengenezo, jaza polepole mfuniko ukiwa wazi, injini ikinguruma taratibu hadi hewa iliyonaswa itoke. Gari likipoa, chora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya akiba, usawa wa maji. Nenda zako Mombasa, urudi, uliache lilale, na asubuhi utazame mstari huo kabla hujawasha.