Mtoto Wako Atajibu Nini?

Ndugu mzazi, wageni wakija shuleni kuonyesha mchezo juu ya ubaya wa pombe na bangi, wanafunzi wote hupiga makofi. Ni vizuri. Lakini kesho yake rafiki akimletea mtoto wako sigara, atajibu nini? Anajua kwamba sigara ni mbaya, lakini anaogopa kuchekwa.

Katika nchi ya Marekani, polisi wa Los Angeles walianza mwaka wa 1983 kufundisha hatari hizo mashuleni. Mafundisho yao yalienea sana, lakini wenye elimu walipoyapima waliona kwamba yamesaidia kidogo tu. Basi, katika mji wa Phoenix wengine waliwauliza vijana wenyewe: Ninyi hukataaje? Wanafunzi wakubwa wakaonyesha majibu yao katika filamu, wadogo wakayajifunza. Waliofundishwa hivyo walikunywa pombe kidogo kuliko wenzao.

Njia zao ni nne:

1. Kukataa. Sema, "Hapana," basi.
2. Kueleza. Sema, "Sitaki, kesho nina mchezo wa mpira."
3. Kuepuka. Usiende mahali unapojua kuna pombe.
4. Kuondoka. Wakikushurutisha, simama, nenda nyumbani.

Jioni ya leo, baada ya chakula, jifanye rafiki mwenye chupa, naye mtoto wako akujibu. Akishindwa, usimcheke, mjaribu tena. Neno alilolizoea nyumbani halitamshinda njiani.