Mshumaa wa nyumbani: Faida imo katika utambi na daftari la hesabu

USIKU wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu kote nchini na Nairobi ikalala gizani. Desemba 10 mwaka uo huo, giza likarejea. Nyakati kama hizo, mkazi wa Huruma aishiye katika orofa ya tano au ya sita, ambako ngazi huwa na kiza hata mchana, hukikumbuka kitu alichokuwa amekisahau kwa miezi mingi: mshumaa. Hushuka hadi kibanda cha jirani, akanunua mmoja au miwili, wala haulizi ulitengenezwa wapi.

Hapo ndipo wazo huzaliwa. Nta huyeyushwa kwa moto, hutiwa utambi, huganda, kisha huuzwa. Mbona mtu asiitengeneze mishumaa mwenyewe jioni baada ya kazi, apate uraibu wa kumtuliza moyo na shilingi mbili tatu za matumizi? Wazo hili si baya. Hata hivyo, wengi wanaolianza huliacha baada ya muda mfupi, mtaji ukiwa umekwisha na sufuria ikiwa imeharibika. Makala haya yanaeleza sababu, na namna ya kuepuka hasara hiyo.

Soko limebadilika

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mshumaa mweupe wa kumulika si biashara ya mtu wa nyumbani. Sensa ya mwaka wa 2009 ilionyesha kwamba takriban asilimia 23 pekee ya familia za Kenya zilitumia umeme wa gridi kupata mwangaza. Kufikia sensa ya 2019, idadi hiyo ilikuwa imepita nusu, mbali na familia nyingine nyingi zilizokuwa zikitumia taa za sola. Leo hii umeme unapopotea, tochi ya simu ndiyo huwashwa kwanza.

Mshumaa mweupe uliosalia dukani hutoka kiwandani, ambako mashine humwaga maelfu kwa siku na nta hununuliwa kwa tani. Mtu anayenunua nta kwa kilo hawezi kuuza kwa bei hiyo akabaki na kitu mfukoni. Akijaribu, atakuwa akiwagawia wateja mtaji wake.

Mshumaa unaoweza kumlipa mtengenezaji mdogo ni ule unaonunuliwa kwa sababu nyingine isipokuwa giza: mshumaa wa manukato ndani ya kioo, wa zawadi, wa meza ya arusi, wa siku ya kuzaliwa, au ule wa ibada. Wakatoliki, kwa mfano, hubariki mishumaa Februari 2 kila mwaka, na katika mkesha wa Pasaka waumini hushika mishumaa kanisani. Anayezijua tarehe hizi huanza kazi majuma kadhaa mapema, si siku ya kuamkia sherehe.

Utambi ndio moyo wa kazi

Wengi hudhani kinachowaka ni utambi, na kwamba nta ipo kuushikilia tu usianguke. Ukweli ni kinyume cha hayo. Joto la mwale huyeyusha nta iliyo karibu nalo. Nta hiyo majimaji hupanda kwenye nyuzi za utambi kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa kilichochovywa ncha. Ikifika juu hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliyaeleza haya mbele ya vijana jijini London katika mihadhara yake mashuhuri ya majira ya Krismasi ya 1860 na 1861, na hadi leo maelezo hayo hayajabadilika.

Kwa mtengenezaji, maana yake ni hii: unene wa utambi ndio huamua hatima ya mshumaa. Utambi mnene mno hupandisha nta nyingi kuliko inavyoweza kuungua, na matokeo yake ni mwale mrefu unaotoa masizi na kuutia weusi ukuta wa jirani. Utambi mwembamba mno hutoboa shimo katikati, ukazama na kuzimika huku nta nyingi ikibaki ukingoni bila kazi. Mteja akiupata mshumaa wa namna hiyo mara moja, harudi tena.

Uzi wowote wa kushonea haufai. Utafutwe utambi wa pamba uliosukwa, kisha ujaribiwe. Mimina mishumaa mitatu katika vioo vya kipimo kimoja, kila kimoja na utambi wa unene wake, uiwashe na kuichunguza. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba nta iyeyuke kufikia ukingo kwa kiasi cha saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za kipenyo cha kioo. Kioo chenye kipenyo cha sentimita saba na nusu, basi, kihitaji saa tatu hivi. Ikichelewa sana, ongeza unene. Ikiwahi mno na kutoa moshi, upunguze.

Vifaa na hatua

Nta inayotumika sana ni ya parafini, inayotokana na mafuta ya petroli, na hupatikana kwa wauzaji wa kemikali jijini na katika Eneo la Viwandani. Wengine huongeza sterini ili mshumaa uwe mgumu na mweupe zaidi. Nta ya nyuki, ambayo hutoka sehemu kama Baringo na Kitui, huwaka vizuri na kunukia yenyewe, ila ni ghali, kwa hiyo humfaa mteja anayejua anachokilipia. Vioo na mikebe ya mitumba hutafutwa Gikomba. Vioshwe, vikaushwe kabisa, na kila chenye ufa kiwekwe kando kwa kuwa joto litakipasua.

Nta haiyeyushwi moja kwa moja juu ya moto. Weka maji kwenye sufuria kubwa, kisha utumbukize ndani yake chombo kidogo chenye nta. Maji yachemkayo hayapiti nyuzi 100 kwa kipimo cha selsiasi, hivyo nta haiwezi kupata joto la kuwaka yenyewe. Kipimajoto ni kifaa cha lazima, si pambo. Nta nyingi za parafini huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68. Ikishafika kama 80, toa chombo kwenye moto, tia manukato na rangi ya mishumaa, koroga taratibu kwa dakika moja au mbili, kisha umimine polepole katika kioo ambacho utambi wake umekwisha kunyooshwa na kushikiliwa kwa kijiti juu.

Nta inapopoa husinyaa, na shimo hutokea kando ya utambi. Hifadhi nta kidogo ya kulijaza. Rangi za chakula hazifai kwa kuwa ni za maji na hazichanganyiki na nta. Mshumaa uliokamilika uachwe siku moja au zaidi kabla ya kuwashwa.

Tahadhari ya chumba kidogo

Familia nyingi za Huruma huishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi ambacho ndicho jikoni, sebule na chumba cha kulala. Majengo yamebanana na vichochoro ni vyembamba. Wakazi hawajausahau usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la orofa lilipoporomoka mtaani humu baada ya mvua kubwa na kuua takriban watu 50. Moto katika orofa ya tatu huwa na ngazi moja ya kukimbilia, nayo hutumiwa na familia zote.

Kwa sababu hiyo, kazi hii isifanywe usiku watoto wakiwa wamelala sakafuni, wala isifanywe kando ya pazia au godoro. Mahali bora ni uani au pahali pa wazi kwenye jengo, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Anayeyeyusha nta asiondoke hata kwa dakika moja kujibu mlango. Nta ikishika moto, isimwagiwe maji kamwe: maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka hadi darini. Zima jiko, funika chombo kwa kifuniko cha bati, na usikisogeze mpaka kipoe.

Jambo jingine husahaulika. Nta iliyobaki isimwagwe katika shimo la maji machafu. Itaganda ndani ya mabomba, na katika jengo la vyumba vingi bomba lililozibwa na mpangaji mmoja huwaletea taabu wote. Iachwe igande, ikwanguliwe, iyeyushwe tena.

Hesabu isiyodanganya

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tuchukue mfano wa kufikirika, ambao msomaji ataubadilisha kwa bei atakazozikuta sokoni. Kioo kinachobeba mililita 200 za maji hubeba takriban gramu 180 za nta, kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji. Nta ikiwa Sh300 kwa kilo, ya kioo kimoja itagharimu Sh54. Mtengenezaji akiuza mshumaa kwa Sh180, hujiona amepata Sh126, akafurahi.

Aandike yote. Kioo Sh30, manukato Sh36, utambi Sh5, karatasi ya jina Sh5, gesi Sh5. Pamoja na nta, ni Sh135 kwa mshumaa mmoja, au Sh2,700 kwa mishumaa 20. Amefanya kazi saa nne. Akijilipa Sh100 kwa saa, ni Sh400. Nauli ya kwenda kununua na kupeleka ni Sh200. Jumla ni Sh3,300. Mmoja ukipasuka, iliyobaki ni 19, na kila mmoja umemgharimu karibu Sh174. Faida yake halisi ni kama Sh6. Na hapo bado hajamwachia mwenye duka chochote.

Hesabu hii haikusudii kumvunja mtu moyo. Inaonyesha pa kukaza. Kioo kikirudishwa na mteja kwa punguzo, Sh30 hupungua. Vikundi vya chama vikinunua nta pamoja kwa gunia, bei ya kilo hushuka. Manukato yakipimwa kwa mizani badala ya kukadiriwa kwa jicho, hayapotei. Mara nyingi asilimia tano ya uzito wa nta hutosha. Na mshumaa uliotengenezwa kwa sherehe maalumu huweza kubeba bei ambayo ule wa rafuni hauwezi.

Leseni na jina

Anayewagawia jamaa na majirani hana haja ya kuwa na wasiwasi mwingi. Lakini anayefungua kibanda anapaswa kuwa na leseni ya biashara ya Kaunti ya Nairobi, na anayetaka bidhaa yake iingie madukani aulize mapema kuhusu alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Kwenye kila mshumaa aandike uzito, onyo la kutouacha ukiwaka bila mtu, na nambari ya simu. Mteja aliyeridhika ataitafuta nambari hiyo. Aliyeudhika ataipiga kulalamika, na malalamiko hayo ndiyo yatakayomfunza fundi kuliko sifa.

Kwa anayeanza, kilo moja ya nta inatosha. Hutoa mishumaa mitano ya kioo cha kipimo tulichotaja, na kidogo hubaki cha kujazia mashimo. Minne igawiwe watu wanaosema kweli, na mmoja mtengenezaji auwashe mwenyewe, akae nao tangu mwanzo hadi mwisho, akiandika saa na kila kasoro anayoiona. Asinunue gunia la nta kabla ya daftari hilo kumjibu maswali mawili: je, mshumaa wangu huwaka hadi chini bila moshi? Na nikishajilipa ujira wangu, hubaki nini?