Siri ya mgonjwa katika simu

Mara nyingi kijana hubuni programu ya simu kwa kuguswa na maradhi ya mzazi wake. Nia ni njema. Hata hivyo, ugonjwa wa mama si mali ya mwanawe, naye aombwe ridhaa kwanza. Mama Kanisa, katika kanuni ya 220 ya Sheria zake za mwaka 1983, anakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake.

Tunaweza kusaidia bila kufichua. Nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watu waliotumia dawa za VVU walitumiwa kila wiki neno moja: “Mambo?” Walijibu “Sawa” au “Shida”, mwenye shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Ujumbe haukutaja ugonjwa wala dawa. Simu ikishikwa na jirani (na kwetu simu hushikwa na wengi), angesoma salamu tu.